Mitutu Miwili Yatosha: Mwindaji na Bunduki Aliyoipenda

Mtu apitaye leo katika mtaa wa Huruma, Eldoret, haoni ila nyumba zilizosongamana, maduka, bodaboda na watoto waendao shule. Huruma ni kata katika jimbo la uchaguzi la Turbo, na Eldoret yenyewe ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2024. Ni vigumu kusadiki kwamba nchi hiyo yote, karne moja na zaidi iliyopita, ilikuwa mbuga ya majani marefu, na kwamba wenye mali humo walikuwa kongoni, nyamera, taya, punda milia, twiga na simba.

Mwaka 1908 Makaburu walifika huko kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba namba 64, na kwa sababu hiyo wenyeji wakaiita mahali hapo Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912, na garimoshi mwaka 1924. Basi kati ya mwaka ule wa magari ya ng'ombe na mwaka wa garimoshi, uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa mahali pa bunduki. Wageni walikuja na bunduki za kila namna, na jioni penye moto wakabishana juu ya jambo moja: bunduki ipi ndiyo rafiki wa kweli wa mwindaji, ile ya mitutu miwili yenye risasi mbili tu, au ile ya mtutu mmoja yenye risasi nyingi tumboni?

Ubishi huo haujafa. Na katika historia ya Kenya alikuwapo mtu mmoja aliyeujibu kwa maisha yake yote.

MTOTO WA SCOTLAND

Mtu huyo ni John Alexander Hunter. Jina lake la ukoo lina maana ya mwindaji, na kweli alilitendea haki. Alizaliwa mwaka 1887 kusini mwa Scotland, karibu na vinamasi vya bahari vitembelewavyo na mabata bukini wakati wa baridi. Tangu utoto wake hakupenda vitabu; alipenda kuichukua bunduki ya marisau ya baba yake, iliyotengenezwa na Purdey wa London, akaenda nayo vinamasini. Bunduki hiyo ndiyo iliyokuwa mwalimu wake wa kwanza.

Alikuja Kenya mwaka 1908, mwaka ule ule wa Makaburu wa Uasin Gishu. Alifanya kazi katika reli ya Uganda, kisha akawa mwindaji wa kuongoza wageni, na baadaye akaajiriwa na Idara ya Wanyama wa Porini. Mwaka 1952 alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka 1963 akafariki. Katika miaka hiyo hamsini na mitano alishika bunduki nyingi, na nyingine zilikuwa za chemba, yaani za risasi kadhaa zinazopandishwa moja moja kwa mkono. Hata hivyo alipokwenda kumkabili mnyama wa hatari katika kichaka kizito, alichagua mitutu miwili. Kwa ndovu, nyati na kifaru alichukua bunduki kubwa ya kipimo cha .500, yenye mitutu miwili iliyolala bega kwa bega, sawa na ile ya marisau ya utoto wake. Kilichobadilika ni ukubwa wa risasi tu. Mazoea ya mkono hayakubadilika.

SABABU ZA MITUTU MIWILI

Watu wengine hudhani kwamba mapenzi ya namna hii ni ushabiki wa wazee tu. Sivyo. Yako mambo ya kiufundi ambayo yafaa msomaji ayajue.

Bunduki ya mitutu miwili kwa kweli ni bunduki mbili zilizofungwa pamoja. Kila mtutu una mtambo wake, na katika zile za zamani kila mtambo una kifyatulio chake. Mtambo mmoja ukiharibika, wa pili bado uko. Risasi ya kwanza ikikataa kulia, mwindaji hana haja ya kuitoa; hupeleka kidole nyuma kidogo, akafyatua ya pili. Hakuna cha kuvuta wala cha kusukuma. Kwa mtu ambaye mbele yake nyati ametokea kwa hatua kumi, tofauti hiyo ndogo ni tofauti ya uhai na mauti.

Jambo la pili lahusu bunduki ya marisau hasa. Mafundi hubana kidogo mdomo wa mtutu ili marisau yasitawanyike upesi. Ujuzi huo ulienea Uingereza katika miaka ya 1870. Katika bunduki ya mitutu miwili, mtutu mmoja huachwa wazi zaidi, kwa shabaha ya karibu, na wa pili hubanwa zaidi, kwa shabaha ya mbali. Kanga arukapo kutoka majanini huwa karibu kwanza, kisha mbali. Kwa hiyo mtutu wa wazi hutangulia na uliobanwa hufuata. Ndege ajaye kumwelekea mwindaji hupigwa kinyume cha hivyo. Uamuzi wote ni wa kidole, na hutimia kabla ndege hajapiga mabawa mara mbili. Bunduki ya mtutu mmoja ina mdomo mmoja tu, na mwenye nayo hana budi kuridhika nao kwa karibu na kwa mbali.

Jambo la tatu ni urefu. Kwa kuwa bunduki ya mitutu miwili hukunjika penye bawaba, haina sanduku refu la mtambo nyuma ya mtutu. Ukizilinganisha mbili zenye mitutu ya urefu mmoja, ile ya mitutu miwili ni fupi kwa karibu nusu shibiri. Uzito wake hukaa kati ya mikono miwili, nayo hupanda begani kama kitu kilicho hai.

Na la nne ni usalama. Bunduki hii ikikunjwa, kila mtu huona kwa macho kama ina risasi au haina. Mwenye nayo akivuka ua, akipanda gari, au akiingia nyumbani penye watoto, huikunja, na rafiki zake hupumua. Bunduki ambayo risasi zake zimefichwa haimwambii mtu siri yake.

SIFA ZA PAMPU

Lakini haki yataka upande wa pili usikilizwe.

Bunduki ya pampu ilizaliwa Marekani. Christopher Spencer alitengeneza ya kwanza iliyofaulu kuuzwa, katika mwaka 1882 na iliyofuata. Kisha John Browning, fundi mwenye akili nyingi sana, akabuni ile iliyouzwa na kampuni ya Winchester, na aina ya mwaka 1897 ikapata sifa ulimwenguni. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja kabla ya kusimamishwa mwaka 1957. Mwaka 1950 kampuni ya Remington ilitoa ya kwake, namba 870, nayo imenunuliwa kwa mamilioni.

Kazi yake ni nyepesi kueleza. Chini ya mtutu liko bomba lenye risasi zilizopangwa kwa mstari. Mkono wa kushoto hushika kipande cha mti kilicho juu ya bomba hilo. Mwindaji akikivuta nyuma, ganda tupu hutoka. Akikisukuma mbele, risasi mpya huingia. Hivyo aweza kupiga mara tano au sita bila kushusha bunduki begani. Tena bei yake ni ndogo. Kuunganisha mitutu miwili ili ipige mahali pamoja ni kazi ya fundi stadi, ya kulehemu na kujaribu na kulehemu tena, na fundi wa namna hiyo hafanyi kazi kwa ujira wa kibarua. Pampu hutoka kiwandani kwa maelfu, na mkulima wa kawaida aweza kuinunua.

Udhaifu wake uko mkononi mwa mtumiaji. Akivuta nusu kwa sababu ya hofu, ganda hukwama au risasi mpya haiingii, na bunduki yenye risasi nne inakuwa fimbo. Hata hivyo aliyefanya mazoezi mengi havuti nusu, na mbele ya adui wengi risasi tano ni bora kuliko mbili. Jambo hilo halina ubishi.

Mfano mzuri wa hatari ya risasi mbili ulionekana Kenya mwaka 1909. Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani mwaka huo huo, alikuja kuwinda akiwa na bunduki ya Holland & Holland ya mitutu miwili, zawadi ya marafiki wa Uingereza. Katika msitu wa Mlima Kenya alimpiga ndovu wake wa kwanza kwa mtutu mmoja, akamwangusha kwa wa pili. Papo hapo, bunduki ikiwa tupu, ndovu dume mwingine akachomoza kichakani akimjia. Roosevelt akaruka nyuma ya mti, akaikunja bunduki, akatupa maganda na kutia risasi mbili mpya. Kilichomwokoa katika sekunde hizo si bunduki yake, bali mwenzake R. J. Cuninghame, aliyefyatua mitutu yake yote miwili, na ndovu akageuka.

Mpenzi wa pampu atasema, "Mwaona? Mbili hazikutosha." Mpenzi wa mitutu miwili atajibu kwamba zilizotosha ni nne, mbili za huyu na mbili za yule, na kwamba mwindaji mwenye busara haendi peke yake. Wote wawili wana hoja.

SHUJAA MWENYE MKUKI MMOJA

Baadaye mwaka huo huo Roosevelt alifika Uasin Gishu. Katika mizigo yake alikuwa pia na bunduki ya marisau ya mitutu miwili, iliyotengenezwa na Ansley Fox wa Philadelphia, nzuri mno kwa nakshi zake, aliyoitumia kwa ndege wa kitoweo. Bunduki hiyo iliuzwa kwa mnada mwaka 2010 kwa dola 862,500, bei ambayo ingetosha kununua shehena za pampu.

Lakini jambo kubwa aliloliona katika uwanda huo halikufanywa kwa bunduki yo yote. Karibu na kilima cha Sergoit, kaskazini mashariki ya Eldoret ya leo, mashujaa wa Kinandi walimzunguka simba dume, kila mmoja akiwa na ngao na mkuki wake. Duara ilijongea mpaka simba akakosa njia, akamrukia mmoja wao. Mkuki ukamwingia, naye akamwangusha yule shujaa na kumjeruhi, kabla ya mikuki ya wenzake kummaliza. Wageni wenye bunduki walikaa kando juu ya farasi wakitazama.

Wanandi wale hawakuhitaji kufundishwa maana ya kuwa na nafasi moja tu. Mwenye mkuki mmoja hautupi mpaka awe na hakika. Husogea karibu, husubiri, huutazama mwili wa mnyama mpaka ajue mahali pa kupiga. Na huo ndio msingi wa mapenzi ya mitutu miwili kwa wawindaji wengi: uchache wa risasi humfundisha mtu kusubiri. Mwenye risasi sita hujiambia, "Nikikosa ya kwanza, zimebaki tano." Ya kwanza huitoa kwa haraka, ya pili kwa hasira, na ya tatu kwa aibu, na mnyama huenda zake na marisau tumboni, akafie mahali pasipojulikana.

Ni kweli kwamba tabia haitoki katika chuma. W. D. M. Bell, aliyewinda ndovu Karamoja akianzia safari zake Mumias, alitumia zaidi bunduki nyepesi za chemba, na aliua ndovu zaidi ya elfu moja. Yeye hakumimina risasi ovyo. Alichunguza maungo ya ndovu, akajua ubongo ulipo, akaweka risasi moja ndogo mahali pake. Kwa mkono kama huo bunduki yo yote ni nzuri. Shida ni kwamba mikono kama huo ni michache, na bunduki ni nyingi.

Wamarekani wenyewe, wazazi wa pampu, walilitambua jambo hili. Mwaka 1935 serikali yao iliamuru kwamba mtu awindaye mabata na ndege wengine wahamao asiwe na bunduki yenye zaidi ya risasi tatu. Wenye pampu wakalazimika kuziba bomba kwa kipande cha mti. Sheria hiyo iliivuta bunduki ya risasi nyingi nyuma, ikaileta karibu kabisa na ile ya mitutu miwili.

HESABU YA MAKUENI

Hapa mtu aweza kudhani kwamba Hunter, kwa kuwa alishika bunduki ya risasi mbili, aliua wachache. La. Kati ya mwaka 1944 na 1946 serikali ya koloni ilimtuma Makueni, katika nchi ya Wakamba, asafishe msitu ili watu wapate mashamba. Aliua karibu vifaru elfu moja.  Baadaye katika kitabu chake alijiuliza kama ilistahili kuwamaliza wanyama wa ajabu namna ile kwa ajili ya ekari chache zaidi.

Swali hilo ni zito, nalo lafaa kusomwa pamoja na sifa zake zote. Bunduki ya mitutu miwili humzuia mtu asipige ovyo. Haimzuii mtu aliyeamriwa kumaliza. Adabu ya mwindaji huhifadhi heshima ya mnyama mmoja mmoja, lakini taifa zima la wanyama huhifadhiwa na sheria na nia ya watu wote.

Uasin Gishu ni ushahidi. Hakuna aliyekaa akaamua kuwamaliza wanyama wa uwanda ule. Walipigwa kwa ajili ya nyama, kwa ajili ya ngozi, kwa ajili ya ngano na mahindi, kwa mitutu miwili na kwa chemba, mpaka wakatoweka. Kufikia miaka ya 1970 lilibaki kundi la twiga wa Rothschild katika shamba la Soy, upande wa barabara ya Kitale. Mwaka 1974 Jock na Betty Leslie-Melville walimchukua ndama mmoja, wakamwita Daisy, wakamlea Lang'ata, na huo ukawa mwanzo wa kituo cha twiga kinachojulikana hata sasa. Wengine walihamishiwa Ziwa Nakuru. Mtoto wa Huruma atakaye kumwona twiga wa nchi yake hana budi kupanda gari.

Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama. Tangu hapo mazungumzo ya bunduki kubwa za ndovu yamekuwa mazungumzo ya historia.

RISASI NYINGI NA HASARA NYINGI

Hata hivyo swali la risasi mbili au risasi nyingi halikwenda pamoja na wawindaji. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka Uganda, ghala la silaha la Moroto lilivunjwa, na bunduki za kumimina risasi zikaenea Karamoja na kuvuka mpaka. Katika nchi za Pokot, Turkana na bonde la Kerio, wizi wa mifugo uliofanywa zamani kwa mikuki na mishale ulibadilika sura. Mwenye mkuki alijua jina la aliyemjeruhi, na wazee waliweza kukaa na kulipana ng'ombe. Mwenye bunduki ya kumimina hajui amempiga nani. Huua wanawake, watoto na wapita njia, na wazee hukosa hesabu ya kulipana.

Huo ndio mwisho wa njia ambayo huanza na wazo dogo kwamba wingi wa risasi ni badala ya shabaha. Mwindaji mpenda mitutu miwili aliliona wazo hilo katika ndege na swala tu. Wengine wameliona katika vijiji vyao.

KWA MWENYE SILAHA

Wako bado wakulima na wafugaji wenye bunduki za marisau kwa cheti halali. Kwao, yale aliyoyajua mwindaji wa zamani yana faida, iwe bunduki ni ya mitutu miwili au ya pampu.

Kwanza, bunduki na itolewe risasi kabla ya kuvuka ua, kupanda gari au kukaribia nyumba. Mwenye pampu hasa asitegemee kumbukumbu. Na aifungue, atazame kwa macho, na apapase kwa kidole, maana bomba huficha. Pili, bunduki na ifungiwe mahali pake na risasi mahali pake, na ufunguo usiwe wa kila mtu. Tatu, asifyatue kwa sauti kichakani wala kwa kivuli; na atazame kilicho nyuma ya shabaha, kwa kuwa marisau hayamjui ng'ombe wala mwenye ng'ombe. Nne, asiye na cheti asiguse silaha kabisa, na aijuaye iliyofichwa apeleke habari.

Na kijana akiuliza ipi iliyo bora, wazee hawatakosea wakimjibu kwamba ni ile inayomlazimisha afikiri kabla ya kufyatua. Mtu aliyekaza mkono wake, akatulia, akajua ana mbili tu, mara nyingi arudipo nyumbani bado anayo moja.